Nilivyoiongezea pikipiki yangu nguvu ya kupanda Riat

Siku niliyoshuka nikaisukuma pikipiki kwa mkono kwenye mlima wa Riat, nje kidogo ya Kisumu, kreti mbili za samaki aina ya ngege zikiwa zimefungwa nyuma, ndiyo siku niliyokubali kwamba injini imekwisha. Barafu ilikuwa inayeyuka na maji ya samaki yananichuruzikia kwenye gambuti. Mteja wangu wa Mbale, kule Vihiga, alikuwa ameshapiga simu mara mbili.

Pikipiki yenyewe ni ya Kichina, ya cc 125, injini yake ya mtindo wa Honda CG. Nimekuwa nikipeleka nayo samaki kutoka Kisumu hadi Vihiga kwa miaka saba. Mwisho-mwisho moshi ulikuwa wa buluu na oili naongeza kila wiki. Ajabu ni kwamba kwenye tambarare, kutoka Kondele hadi Mamboleo, ilikuwa bado inakimbia. Ikifika mlimani ndipo unarudi gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, halafu unashuka mwenyewe. Watu huchanganya kukimbia na kuvuta. Mimi nilitaka kuvuta tu. Mwenye kreti za samaki hashindani na mtu barabarani.

Fundi alipoondoa kichwa cha injini, kile kinachofunika silinda, silinda ilikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unanasa. Tungeweza kuichonga kidogo na kuweka pistoni ya oversaizi, yaani kubwa kidogo, basi. Lakini injini ikishalala mezani vipande vipande, mtu huanza kuwaza makubwa. Silinda ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5. Ile ya 150 ya ukoo huohuo ina milimita 62, na mwendo wa pistoni haubadiliki, kwa hiyo krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inabaki ileile. Ujazo unatoka sentimita za ujazo 124 kwenda 149, kama asilimia 20 zaidi, na nguvu ya kuvuta haiachani sana na ujazo. Nikasema twende na 150.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kununua silinda na pistoni peke yake hakutoshi. Kwanza, bomba la silinda kubwa haliingii kwenye tundu lililotengenezewa ndogo, hivyo nyumba ya krenki ilibidi ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza ipanuliwe. Usikubali mtu akufanyie kazi hiyo kwa tupa. Pili, kichwa. Ukirudisha kichwa cha zamani, chumba cha kulipukia ni kilekile lakini mchanganyiko unaobanwa humo umeongezeka. Mgandamizo uliokuwa kama 9 kwa 1 unapita 10 kwa 1, na petroli ya kawaida inaweza kuanza kuwaka kabla ya wakati wake, injini igonge kama mtu anayepiga sufuria. Nikanunua kichwa cha 150. Krenki ilipokuwa nje nilibadilisha pia konrod, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na beringi, maana pistoni mpya ni nzito kuliko ya kwanza. Jambo moja lilinifurahisha: injini hizi hazina cheni ya ndani, vali zinasukumwa na fito, kwa hiyo kupanga alama za taimingi, zinazolinganisha vali na pistoni, ni kazi ya dakika chache. Mwanya wa vali (tapeti) tukauweka milimita 0.08, injini ikiwa baridi.

Kosa lilikuwa kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Fundi alisema tuiache na jeti yake ileile, kitundu kinachopitisha petroli, "itazoea." Siku ya tatu, katikati ya Riat, pikipiki ikapoteza nguvu na joto likanipanda mapajani. Nikaizima kabla haijakwama. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki.

Niliipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali pale Kibuye. Aliiangalia plagi, hata hakuuliza mengi.

"Kijana, umeongeza tumbo, ugali umeacha uleule."

"Kwani jeti ni ndogo, mzee?"

"Inapata hewa nyingi, petroli kidogo. Ndiyo maana inajichoma."

Alifungua tena. Pistoni ilikuwa imeanza kukwaruzika upande wa ekzosi, akaisafisha kwa msasa laini. Silinda ilikuwa imepona. Akapima mwanya wa ringi za pistoni, akazipanga upya ili mianya isikae mstari mmoja, kisha akatoa jeti ya 95 akaweka ya 105. Tulizunguka hadi Mamboleo na kurudi, plagi ikatoka na rangi ya biskuti. Kilomita 500 za mwanzo nilibeba mzigo nusu na sikukaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Oili ya kwanza niliimwaga mapema, ikatoka inametameta vumbi la chuma.

Yule mzee ndiye aliyenishauri pia kubadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Nilitoa ya meno 38 nikaweka ya 42. Hiyo pekee inaongeza mvuto kwenye gurudumu kwa zaidi ya asilimia 10, na bei yake haikaribii ile ya injini. Kusema kweli, kama silinda yangu ingekuwa nzima, ningebadilisha sproketi tu nikaendelea na kazi zangu.

Sasa Riat naipanda na gia ya pili, kreti mbili nyuma, asubuhi ikiwa na baridi hata ya tatu inashika. Petroli inakunywa zaidi, sikatai, na nikiikaza kwenye tambarare mikono inakufa ganzi kwa mtikisiko. Mteja wa Mbale ameanza kuniuliza kama naweza kuongeza kreti ya tatu. Nimemwambia injini inaweza, ila wakati wa kuteremka breki bado ni zile za 125.