Ndani ya kivuli cha sauti, Kunduchi

Kwa hesabu ya hewa tulivu, yaani hewa yenye upepo lakini isiyo na msukosuko, pale tulipoichomeka maikrofoni kupima sauti ya spika ya mbali hakikupaswa kusikika karibu chochote. Ilikuwa Agosti, saa nane mchana, kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, kusi likivuma. Hesabu yenyewe nilikuwa nimeimaliza usiku, chumbani kwangu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tuliifanya bila msukosuko wa hewa kwa makusudi, ili tuone peke yake inafika wapi.

Kwenye nyuzi joto sifuri sauti husafiri mita 331 kwa sekunde hewani, na kila nyuzi moja ikiongezeka mwendo hupanda kwa mita 0.6 hivi. Mchana hewa inayogusa ardhi huwa ya moto kuliko iliyo juu yake. Sehemu ya chini ya wimbi inakimbia, ya juu inachelewa, na wimbi zima linapinda kuelekea angani. Upepo wa mbele unalipinda zaidi, kwa kuwa nguvu yake huongezeka kadiri unavyopanda juu. Baada ya mita mia kadhaa panabaki kivuli, eneo ambalo sauti imelipita kwa juu. Mwanasayansi Mwingereza Osborne Reynolds alishaeleza kupinda huku katika miaka ya 1870.

Mwalimu wangu alibaki upande wa kaskazini na spika iliyotoa mlio wa hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Mimi nilikuwa kusini yake, sauti ikinijia dhidi ya upepo, ndani ya kivuli. Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya chumvi akaacha kazi, akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnapima viwanja?"

"Tunapima sauti." Nikamvalisha hedifoni.

Akasikiliza, macho chini. "Ipo... imepotea. Hiyo tena. Imepotea."

Nilisisimka mwili mzima. Ule mlio wa hezi 500 ulikuwa unatufikia mahali ambapo hesabu ya hewa tulivu iliukatalia kufika, na ulikuwa unakuja kwa vipande. Juu ya mabwawa ya chumvi mazigazi yalikuwa yakicheza. Madonge yaleyale ya joto na baridi yaliyoutetemesha mwanga machoni mwetu ndiyo yaliyokuwa yakiitawanya sauti na kuiangusha kivulini.

Msukosuko huo una kanuni, na mimi naipenda kuliko kanuni nyingine yoyote niliyosoma. Mwaka 1941 mwanahisabati Mrusi Andrei Kolmogorov alionyesha kwamba mizunguko mikubwa ya hewa huvunjika ikawa midogo, na midogo ikazaa midogo zaidi, kiasi kwamba wastani wa mraba wa tofauti ya kasi kati ya nukta mbili hukua kwa umbali uliopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili. Zidisha umbali mara 8, wastani huo unakuwa mara 4. Hiyo tu. Haijali kama uko Urusi au Kunduchi.

Tuliporudi Mlimani niliiagiza kompyuta iunde anga nyingi za kubahatisha, kila moja ikiitii kanuni hiyo, kisha wimbi lipitishwe katika kila anga hatua kwa hatua kwa mlinganyo wa paraboliki, ambao hulifuata wimbi likienda mbele tu, na nishati ichukuliwe wastani. Mstari wa hewa tulivu ulizidi kuporomoka kadiri umbali ulivyoongezeka. Mstari mpya ukashuka, ukatulia desibeli 20 na ushee chini ya kiwango cha sauti isiyo na kivuli. Vipimo vyetu vilikuwa vimelala juu yake.

Mwalimu alitaka tuishie hapo. "Wastani umekubali, andika." Nikambishia, kwa heshima lakini kwa muda mrefu. Mzee hakusikia wastani: alisikia mlio ukija na kupotea, na mtu anayelala jirani na mashine au ukumbi wa muziki huamshwa na kilele. Ile anga ya kubahatisha ilikuwa na uwezo wa kutupa ukubwa wa kuyumba pia, kwa nini tuutupe? Mwishowe akakubali. Tasnifu ikabeba michoro miwili kwa kila umbali, wa wastani na wa kuyumba, na mpaka leo nikiletewa ripoti ya kelele ya mtaa wowote wa Dar yenye wastani mtupu, huirudisha niombe mchoro wa pili.