Yule mbwa wa Pavlov wa maduara

Stori ya Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi, wengi tunaijua juu juu tu, kengele ikilia mbwa anadondosha mate, imeisha hiyo. Mi naona utamu hapo hata haujaanza, maana mbwa akishajua mlio fulani unaleta msosi, mwanzoni anadondosha mate kwa kila mlio unaokaribiana nao, hachagui. Shughuli ipo kwenye kujizuia pale ishara inapofanana na ile ya chakula lakini siyo yenyewe.

Na wala hachapwi. Ishara ya kwanza inakuja na chakula kila mara, ya pili inakuja kavu, zinapishana hivohivo mpaka mate ya ile ya pili yanakata taratibu huku ya kwanza yako palepale. Kwa Pavlov (ambaye Nobel yake ya 1904 ilikuwa ya mmeng'enyo wa chakula, siyo ya haya mambo) huko kukata siyo kusahau, ni ubongo unakanyaga breki. Wale panya wa APOPO pale Morogoro (shirika linalofundisha panya kunusa mabomu ya ardhini) nao wanaanza kwa kuzoeshwa kwamba mlio wa kliki maana yake chakula, afu ndo wanafundishwa kutofautisha harufu ya TNT (kilipuzi cha kwenye mabomu) na harufu zingine, ingawa pale panya mwenyewe inabidi afanye kitu ndo alipwe so siyo Pavlov mtupu.

Sasa kuna mtafiti wa maabara ya Pavlov huko Urusi, dokta Shenger-Krestovnikova, alimwonyesha mbwa duara kwenye skrini, chakula kinafuata. Akimwonyesha duaradufu (duara lililovutwa kama yai) lenye urefu mara mbili ya upana, hola. Mbwa akaelewa fasta. Basi duaradufu likawa linanenepeshwa kidogo kidogo kuelekea duara na mbwa anafuata tu, mpaka uwiano wa 9 kwa 8. Hapo akajitahidi kiasi, wiki kama tatu zikapita, badala ya kuongeza akawa anashuka, na yule mbwa mpole akaanza kulia, kujinyonganyonga, kung'ata mirija ya vifaa, akipelekwa chumba cha majaribio anabweka balaa. Hata lile la 2 kwa 1 likamshinda!

Wakamrudisha mwanzo, ikachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa kwanza, ila akatulia. Walipofika tena 9 kwa 8 mara ya kwanza akapatia safi kabisa, iliyofuata akachafukwa upya, wakaacha.