Mapafu ya rangi ya waridi

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili nilipewa kazi niliyoiona nyepesi: kupima katalesi katika viungo vya panya weupe, kisha nichore ramani ya mahali kimeng'enya hicho kilipo kwa wingi. Katalesi huvunja haidrojeni peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Ukiweka spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 240, unaiona peroksaidi ikipungua sekunde baada ya sekunde, na kasi hiyo ndiyo kipimo chenyewe.

Ini lilinihangaisha. Tone moja tu, kyuveti, kile kichupa cha kupimia, ikajaa mapovu na namba zikarukaruka. Nikazimua, nikazimua tena, hadi mstari ukanyooka. Figo zikafuata nyuma yake, kama vitabu vinavyosema.

Ndipo yakaja mapafu, na namba zake zilikuwa kubwa mno. Usiku ule sikulala. Nilishajiona mgunduzi.

Asubuhi nilimwonyesha grafu fundi wa maabara, mama aliyezeekea kwenye kazi ile. Hakuitazama. Alichomoa mrija kwenye barafu, akauinua dirishani.

"Mwanangu, hii ni rangi gani?"

"Ya waridi, mama."

"Na imetoka wapi?"

Nikanyamaza. Seli nyekundu za damu zimejaa katalesi, na mapafu ni sponji la damu. Nilikuwa nimepima damu nikaiita mapafu.

Maelekezo yalisema mishipa isafishwe kwanza kwa maji ya chumvi yaliyopoa. Mimi nikaona ni kupoteza muda. Panya wale walikufa bure kwa haraka yangu, na barua ya kuiomba kamati ya maadili kibali cha wengine ndiyo barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mara ya pili mama yule alisimama begani kwangu. Panya akiwa usingizini kabisa kwa dawa, sindano ya maji ya chumvi iliingia ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, na ini likapauka likawa rangi ya udongo. Mapafu hayakubadilika. "Hiyo njia inakwenda mwilini," alisema. "Ya mapafu inaanzia kulia." Tukahamia ventrikali ya kulia, yakawa meupe kama pamba, na namba zake zikaporomoka.

Wengu ndio uliotushinda. Seli nyekundu zimejazana ndani ya nyama yake, nje ya mishipa, kwa hiyo hata tungemimina maji mangapi ulibaki mwekundu. Kwenye ramani nafasi yake niliiacha tupu.