Kongosho Lina Kazi Mbili, Nami Nilitibiwa Moja

Tangu nilipoacha kuchoma insulini mwezi Machi mwaka 2024, hapa Mikindani nimekuwa mtu wa kupigiwa simu. Wengi wanaopiga wana kisukari wenyewe, au wanamuuguza mzazi, na swali lao ni lilelile: nilitumia mti gani. Mzee mmoja aliteremka kutoka Newala akiwa na dumu tupu la lita tano, akiamini kwamba nitamjazia. Nilimkaribisha, tukanywa uji, nikamweleza haya ninayoyaandika hapa, naye akaondoka na dumu lake tupu na, nadhani, kinyongo kidogo moyoni.

Sikutumia mti. Mwarobaini nililetewa, majani ya mpera nililetewa, na kwa heshima ya walioleta nilionja, lakini si hivyo vilivyoniinua. Zaidi ya hayo, kisukari changu si kile walicho nacho wengi wanaonipigia. Chao, mara nyingi, ni kile kinachoitwa aina ya pili, ambapo mwili huacha kuitii insulini ipasavyo. Changu kilitokana na kongosho kuharibika, na madaktari hukiita aina ya 3c. Tofauti hiyo mimi mwenyewe sikuijua kwa miezi sita, na miezi hiyo sita ndiyo iliyokaribia kunimaliza.

Mwezi Novemba mwaka 2022, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, nilialikwa walima Mtwara mjini. Nilikula pilau ya mbuzi kama walivyokula wenzangu, nikarudi nyumbani, na usiku ule yakanishika maumivu kwenye chembe ya moyo ambayo yalipenya moja kwa moja hadi mgongoni. Nikilala chali yanazidi; nikiketi na kuinama mbele huku nimekumbatia mto, yanapungua kidogo. Katika zahanati niliyokwenda asubuhi niliambiwa ni vidonda vya tumbo na nikapewa dawa ya kupunguza tindikali. Siku ya pili nilikuwa natapika mfululizo na macho yamegeuka manjano, ndipo mke wangu alipokataa kusikiliza lolote zaidi, akaita bajaji, tukaenda hospitali. Huko damu ilionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho amilesi kimepanda kupita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na altrasaundi ikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo na kongosho lililovimba.

Nilivyoelezwa ni hivi. Kwa watu wengi, mrija wa nyongo na mrija wa kongosho huungana karibu na mlango mmoja wa kuingilia utumbo mdogo. Jiwe dogo lililoteremka kutoka kwenye kifuko cha nyongo lilikwama pale mlangoni, na vimeng'enya vya kongosho, ambavyo kwa kawaida huanza kazi vikishafika utumboni, vikaanza kazi vikiwa bado ndani. Kwa maneno mengine, kongosho langu lilianza kujimeng'enya lenyewe.

Hapa niseme neno kuhusu pombe, kwa sababu liliniumiza karibu sawa na ugonjwa. Sababu mbili zinazoongoza za kuvimba kongosho ni mawe ya nyongo na pombe, na watu huikumbuka ya pili tu. Kwetu, msimu wa mabibo ni msimu wa uraka, pombe ya mabibo hayo, na mimi niliugua katikati ya msimu. Kabla sijatoka wodini, habari ilikuwa imekwisha kuenea mtaani kwamba mwalimu yule wa kamati ya madrasa kumbe hunywa kwa siri. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, lakini hata ningekuwa nimeonja, sioni ni kwa vipi ningestahili maumivu yale.

Siku ya tatu ya kulazwa, sukari ilipanda hadi milimoli 21.4 kwa lita ya damu. Kipimo nilichofanyiwa baadaye Dar es Salaam kilionyesha kwamba sehemu ya kongosho ilikuwa imekufa. Mwezi Januari 2023, uvimbe ulipokwisha, niliondolewa kifuko cha nyongo ili balaa lisijirudie, kisha nikaruhusiwa kwenda nyumbani nikiwa na insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maji ya mchele, yuniti 14 asubuhi na 10 jioni, na karatasi ya masharti ya chakula: ugali kidogo, mafuta marufuku.

Niliyafuata masharti yale kama mtu anayefuata wasia, na nikazidi kukonda. Uzito wangu ulikuwa kilo 73 siku ya walima. Kufikia Mei 2023 ulikuwa kilo 55, na suruali zangu nilizifunga kwa kamba ya katani chini ya shati. Sukari nayo haikueleweka. Usiku mmoja mke wangu aliamka, akanigusa, akasema, "Baba Zuhura, mbona umelowa hivi?" Sikuweza kumjibu. Alipima akakuta 2.6, akanikorogea vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa katika kikombe cha maji, akaninywesha kama mtoto. Asubuhi yake mashine ilisoma 17. Kule nilikokuwa nikihudhuria kliniki niliambiwa sizingatii masharti. Sikubisha, kwa kuwa mtu aliyekonda kiasi kile hana nguvu za kubishana, lakini niliporudi nyumbani nililia.

Mabadiliko yalianza kwa swali la aibu. Daktari kijana, ambaye alikuwa ameshika zamu ya mwenzake, aliangalia kadi yangu, akaniangalia mimi, akauliza: "Mwalimu, choo chako kikoje?" Nilikaa kimya. Akaendelea: je, kinaelea? Kina mafuta? Kina harufu kali isiyo ya kawaida? Unamwaga maji mara mbili na tatu hakiondoki? Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nimeyaficha hata kwa mke wangu, nikidhani ni sehemu ya kisukari.

Alichukua karatasi akachora kongosho, mfano wa samaki aliyelala kwa upande nyuma ya tumbo. Kongosho, alisema, lina kazi mbili. Moja ni kutengeneza homoni, insulini ikiwa mojawapo, na kazi hiyo hufanywa na vikundi vidogo vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans aliyevieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Visiwa hivyo, vyote kwa pamoja, ni kama asilimia 1 au 2 tu ya kongosho. Sehemu kubwa iliyobaki hufanya kazi ya pili, yaani kutengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Nilitazama ule mchoro nikafahamu kwamba kwa miezi yote ile nilikuwa ninatibiwa asilimia 2 ya kiungo kilichoharibika, na ile 98 haikuulizwa hali.

Hapo hata sukari yangu ilianza kueleweka. Nilikuwa nachoma insulini kwa hesabu ya chakula nilichokula, ilhali sehemu ya chakula hicho ilipita bila kuingia mwilini, kwa hiyo insulini ilikuta damu haina cha kutosha ikaishusha sukari mno. Tena kongosho lililoharibika hupoteza pia seli zinazotengeneza glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe akiba ya sukari pale inaposhuka. Mwenye aina ya pili akishuka, kwa kawaida bado anayo breki hiyo; mimi yangu ilikuwa imelegea. Sikuwa mkaidi wa masharti. Nilikuwa nikiendesha gari kwa kanyagio moja.

(Nilisoma baadaye kwamba mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lake, na mbwa yule akapata kisukari, ndivyo uhusiano wa kiungo hiki na ugonjwa huu ulivyothibitika. Mungu anisamehe, lakini nilimhurumia mbwa yule kama ndugu.)

Dawa niliyoandikiwa ni vidonge vya vimeng'enya, na hapo likazuka jambo jingine. Vidonge vinavyouzwa kwa kawaida hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Daktari aliniambia wazi kabla sijauliza, na ninamshukuru kwa hilo, maana ningejua baadaye nisingemwamini tena. Nilikwenda kwa shehe wetu baada ya sala ya alasiri. Aliniuliza maswali mawili: ipo dawa nyingine ya kazi hiyohiyo? Nikasema nimeambiwa haipo ninayoweza kuipata. Bila hiyo unadhurika? Nikamwonyesha kamba ya suruali. Akanisomea aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayomwondolea dhambi aliyefikwa na dharura pasipo kutamani wala kupita kiasi, kisha akaniambia niende nikale dawa yangu, na akaongeza kwamba kuacha kwa kujionyesha uchamungu kungekuwa kosa jingine. Mama yangu alichukua siku kadhaa kulikubali. Siku ya kwanza alipoona kidonge juu ya meza alikifunika kwa kawa.

Upatikanaji ulikuwa taabu. Mtwara sikuvipata, vikawa vinakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na bei yake kwa mwezi ilikaribia theluthi ya mshahara wangu, kwa sababu bima yangu haikuvilipia. Nimeuza mikorosho kumi na miwili ya urithi. Sijutii, ingawa msimu ukifika hupita njia nyingine nisiione.

Vidonge hivi humezwa pamoja na chakula, si kabla wala baada. Mimi humeza kimoja kwenye tonge la kwanza na cha pili katikati ya mlo, na kimoja tu nikila kitu kidogo. Havitafunwi, kwa sababu chembe zilizomo ndani zina ganda la kuzikinga na tindikali ya tumbo. Katika wiki mbili choo kilibadilika. Sukari, kinyume na nilivyotarajia, ilipanda, kwa kuwa sasa chakula kilikuwa kinaingia mwilini kweli, na ikabidi insulini iongezwe hadi yuniti 32 kwa siku. Nilifadhaika. Daktari akasema hiyo ndiyo dalili aliyokuwa akiisubiri.

Lile sharti la kuacha mafuta aliliondoa. Mtu anayekonda hivyo, alisema, anayahitaji mafuta, mradi ameze vimeng'enya vya kuyasaga. Nikarudi kwenye kisamvu cha nazi, samaki wa Feri, mbaazi, na korosho, ambazo kwa mtu wa huku kukatazwa ni kama kufukuzwa nyumbani. Mama alinichemshia ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa chumvi na pilipili, nikapima sukari kabla na saa mbili baadaye ili nijue inanifanyia nini, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kila chakula, kimoja kimoja, katika daftari la shule. Nilianza kula mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Nilipewa pia vitamini A, D, E na K, ambazo haziingii mwilini mafuta yasipoingia. Nilikuwa nikijikwaa kwenye kizingiti cha msikiti kila magharibi nikidhani ni udhaifu wa miguu. Kumbe giza likianza tu macho yangu hayakuwa yakiona vizuri. Baada ya miezi miwili nilikiona kizingiti.

Kuhusu insulini yenyewe, shida ilikuwa joto. Chupa ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyokwisha kufunguliwa huvumilia ubaridi wa chumbani kwa takribani wiki nne, lakini chumba chetu cha bati mwezi Desemba hakina ubaridi wowote. Friji ya jirani ilisaidia umeme ulipokuwepo. Ulipokatika, tulitumia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati yake, kitambaa chenye maji juu, na chupa ikiwa ndani ya mfuko mkavu. Pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo ubaridi wake si mkubwa kama wa bara, ila unatosha kuikinga dawa na kuungua. Mwezi wa Ramadhani nilitoa fidia sikufunga.

Uzito ulifika kilo 66 mwishoni mwa mwaka 2023, na sukari ikaanza kushuka tena, safari hii kwa utaratibu, hata mchana. Daktari alipunguza insulini yuniti mbili mbili kila baada ya wiki kadhaa. Mimi sikuthubutu kupunguza hata moja kwa akili yangu. Maelezo yake ni kwamba sehemu iliyokufa imekufa, lakini pembeni yake zilikuwapo seli zilizozidiwa na uvimbe tu, na hizo ziliinuka polepole. Mwezi Machi 2024 tulifika sifuri. Julai, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilisoma asilimia 6.1.

Nilimwuliza kama sasa aandike "amepona". Alikataa. Mwaka 2021, alisema, wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kisukari huhesabiwa kuwa kimetulia kipimo hicho kikiwa chini ya asilimia 6.5 baada ya angalau miezi mitatu bila dawa ya sukari, na kwamba walichagua neno la kutulia kwa makusudi, wakiwa hasa wanawafikiria wenye aina ya pili. Kwa kongosho kama langu yeye ni mwangalifu zaidi, kwani wengi wenye uharibifu wa namna hii huhitaji insulini maisha yao yote, na wangu unaweza kuamka wakati wowote. Akaandika kwenye kadi: "Kimenyamaza." Vimeng'enya naendelea navyo, na sioni siku ya kuviacha.

Juzi mke wangu aliuliza kama anaweza kupanda mnanaa katika kile chungu kikubwa, maana kimekaa mwaka mzima kikiwa na mchanga mkavu. Nimemwomba asubiri kipimo cha Aprili.