Shamba la Anathothi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nawaomba tukae kwenye Yeremia sura ya 32, hasa wewe uliyemwomba Mungu jambo kwa muda mrefu na kila ukitazama unaona mambo yanazidi kuharibika.

Ni mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kuwa alisema waziwazi kwamba mji utaanguka. Humo kifungoni binamu yake Hanameli, mwana wa Shalumu, anamfuata na ombi lake: nunua shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa, yaani kulinunua kama ndugu wa karibu, ni yako. Anathothi ni kwao Yeremia, kilomita chache tu kutoka Yerusalemu, na adui ameshaingia nchini. Tena watu wa Anathothi hao hao ndio waliotaka kumwua (Yeremia 11:21). Mtu yeyote mwenye akili zake angemwambia fedha hiyo imepotea.

Lakini Bwana alikuwa amemwarifu mapema kwamba Hanameli atakuja, na alipomwona akajua neno lile limetoka kwa Bwana. Akanunua.

Tazama anavyonunua. Anatia sahihi hati, anaipiga muhuri, anaita mashahidi, anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani. Hati ni mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Anamkabidhi mwandishi wake Baruku, mwana wa Neria, mbele ya Hanameli, mashahidi na Wayahudi wote walioketi pale, na kumwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Hakuna hatua aliyoiruka. Anafanya mauziano kama mtu anayejua kuna siku hati hizo zitahitajika, maana Bwana amesema nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hiyo.

Kinachonigusa zaidi kinakuja baada ya hapo. Hati ikishakabidhiwa, Yeremia anaanza kuomba. Anakiri kwanza kwamba kwa Mungu hakuna neno lililo gumu (mstari wa 17), lakini akifika mstari wa 25 mshangao unamtoka: umeniambia ninunue shamba, na mji wenyewe umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli! Wengi wetu tumefundishwa kwamba kumwuliza Mungu hivyo ni upungufu wa imani, basi tunajikaza mbele za watu na kuitikia amina, halafu tunalia peke yetu usiku. Mafundisho hayo siyaoni katika sura hii. Yeremia alitii huku hajaelewa, na lile asiloelewa akalipeleka kwa yule yule aliyemwagiza. Bwana hakumkemea. Alimrudishia maneno yake mwenyewe kwa njia ya swali, mstari wa 27: je, kuna neno gumu lolote nisiloliweza?

Hatusomi popote kwamba Yeremia alikuja kulima shamba lile. Mji ulianguka mwaka wa 11 wa Sedekia, naye mwishowe akachukuliwa mpaka Misri. Nalisema hili kwa sababu tunahubiriwa sana imani inayolipa upesi, toa leo upokee kesho, na mpendwa asipopokea anabaki kujilaumu. Ukifungua Ezra 2:23, katika orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, utawakuta watu wa Anathothi, 128. Neno la Bwana lilitimia, ila Yeremia hakuwa miongoni mwa waliolishuhudia. Waebrania 11:13 inawataja watu wa namna hiyo: walikufa katika imani, ahadi hawajazipokea, bali waliziona tokea mbali wakazishangilia.

Basi mama unayemwombea mwanao aliyeiacha imani, usiache kumtaja kwa jina mbele za Bwana. Wewe uliyekataa kughushi hesabu kazini ukanyimwa cheo, kesho andika hesabu za kweli tena. Na wewe unayefundisha shule ya Jumapili yenye watoto watatu, andaa somo kama vile wangekuwa mia, kila mstari uwe umesomwa, kila swali liwe limefikiriwa. Ukishamaliza, piga magoti umwambie Mungu lile ambalo bado hulielewi, kwa maneno yale yale uliyo nayo moyoni.