Fedha za Mwanafunzi Zisifungiwe Ndani ya Kitambulisho Chake

Katika vyuo vingi vya Marekani, kitambulisho cha mwanafunzi ndiyo pochi yake. Kadi ileile yenye picha na namba ya usajili hufungua mlango wa bweni, huazimia vitabu maktabani, hulipia chakula bwaloni, huendesha mashine ya kufulia nguo na hukatwa senti kadhaa kwa kila ukurasa unaochapishwa. Akaunti iliyo nyuma ya kadi hiyo kila chuo huiita kwa jina lake: Harvard wana Crimson Cash, University of Michigan wana Blue Bucks. Oktoba 2018 vyuo vya Duke, Alabama na Oklahoma vilianza kuweka kitambulisho hicho ndani ya iPhone na Apple Watch, na tangu hapo wapo wanafunzi wanaokula na kulala chuoni bila kushika kadi wala noti. Nilisoma katika chuo kimoja cha huko na kufanya kazi ya keshia bwaloni, kwa hiyo mfumo huu niliuona kutoka upande wa mashine pia. Ninauandikia sasa kwa kuwa fikra ya kufanya vivyo hivyo inazidi kusikika katika vyuo vya Tanzania, na kila ninapoisikia naona inazungumzwa kwa upande wa kasi na usalama tu, huku swali zito likiachwa: ni nani mwenye mamlaka ya kuzima kadi hiyo, na akishaizima, fedha zilizomo zinakuwa za nani?

Faida zake sizikatai. Katika mfumo niliofanyia kazi, kadi yenyewe haikuwa na fedha ndani yake. Mstari wa sumaku ulio mgongoni ulibeba namba tu, na salio lilikaa kwenye kompyuta ya chuo. Mwanafunzi akipitisha kadi, mashine ya kusoma hutuma namba ile, kompyuta hutazama salio, hukata na kujibu, na mtu anayefuata huwa ameshasogea. Saa sita mchana, madarasa mawili makubwa yanapotoka kwa pamoja, hakuna keshia anayeweza kurudisha chenji kwa kasi hiyo. Mzazi aliye mji mwingine huweza kuongeza salio kwa njia ya intaneti, na aliyepoteza kadi hupiga simu ikafungwa kabla aliyeiokota hajaitumia. Mambo haya yana maana kubwa kwa kijana anayeishi mbali na kwao.

Hata hivyo, kuna mchana mmoja ambao bado unaniudhi. Alikuja mwanafunzi wa mwaka wa pili, sahani yake ina wali, maharage na kipande cha kuku, akapitisha kadi, mashine ikakataa. Nikadhani mstari umechakaa, nikaingiza namba kwa mkono, ikakataa tena, na safari hii maelezo yakatokea kwenye kioo: akaunti imezuiwa na ofisi ya fedha. Ada yake ilikuwa imechelewa. Fedha alizokuwa amejiwekea za chakula zilikuwamo, na salio lake nililiona kwa macho yangu, lakini kwangu hapakuwa na kitufe cha kuzifikia, wala msimamizi wangu hakuwa nacho. Bwalo lilikuwa limeacha kupokea fedha taslimu, kwa hiyo hata dola kumi aliyoitoa mfukoni haikumsaidia. Kanuni inasema chakula kilichokwisha kupakuliwa hakirudishwi sufuriani. Sahani ikamwagwa mbele yake, naye akaondoka bila kusema neno.

Chuo kina haki ya kudai ada yake, na nisingependa nieleweke vinginevyo. Ninachokataa ni kuunganisha deni hilo na chakula ambacho mtu ameshakilipia kwa fedha nyingine. Kitambulisho ni mali ya chuo: chuo hukitoa, hukifuta, hukidai mwanafunzi anapoondoka, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Fedha ni mali ya aliyeziweka. Vitu hivi viwili vikikaa kwenye kadi moja, na kadi ikawa na kufuli moja, mwenye ufunguo wa kitambulisho anakuwa na ufunguo wa fedha pia, ingawa hakuna sheria wala mkataba uliompa mamlaka hayo waziwazi. Mwanafunzi anayesimamishwa masomo kwa kosa lolote, au anayeacha masomo kwa ugonjwa, au ambaye jina lake limepotea kwenye orodha kwa hitilafu ya kompyuta, anapoteza chakula na kufua nguo kwa saa ileile anayopoteza mlango wa maktaba.

Sura nyingine ya jambo hilihili huonekana mwisho wa muhula. Katika vyuo kadhaa, milo ambayo mwanafunzi ameilipia mapema na hakuila hufa siku muhula unapofungwa. Wiki ya mwisho tulikuwa tukiuza makatoni ya maji na maboksi ya biskuti kwa wanafunzi waliokuwa wakihangaika kumaliza salio, huku wengine waliokuwa wameishiwa tangu mwezi uliotangulia wakipita mlangoni bila kuingia. Mwaka 2010 wanafunzi wa UCLA, chuo kikuu kilichoko Los Angeles, walianzisha kazi ambayo leo inaitwa Swipe Out Hunger ili milo isiyoliwa iweze kupewa wenye njaa, na kazi hiyo imeenea katika vyuo vingi. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Lakini ilibidi wanafunzi wajipange na kuomba ruhusa ya kugawa kitu ambacho walikuwa wamekwisha kukilipia, na hilo linaeleza vizuri fedha zile zilikuwa zimehesabiwa kuwa za nani.

Pale kampuni ya nje inapoingia kati, mambo huwa mazito zaidi. Higher One, iliyoanzishwa mwaka 2000 na wanafunzi wa Yale, ilipewa na vyuo vingi kazi ya kuwafikishia wanafunzi sehemu ya mkopo inayobaki baada ya ada, na ikawafungulia akaunti zenye kadi ya malipo. Desemba 2015 Benki Kuu ya Marekani iliiamuru irudishe takriban dola milioni 24 kwa wanafunzi wapatao 570,000, kwa kuwa haikuwaeleza vya kutosha kuhusu makato ya akaunti hiyo na namna ya kupata fedha zao bila kuifungua. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni nembo za vyuo kuwekwa mahali pa wazi, kiasi cha mwanafunzi kuamini kwamba chuo chake ndicho kinachoidhinisha huduma ile. Hapo ndipo nguvu ya kadi ya chuo ilipo: mwanafunzi huiamini kwa sababu ya nembo, si kwa sababu amesoma masharti.

Kisha kuna kumbukumbu. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba mtafiti wa University of Arizona alikuwa amechambua matumizi ya kadi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika sehemu zinazokaribia 700 ndani ya chuo, ili kubashiri ni nani anaelekea kuacha masomo. Majina yalikuwa yameondolewa, na nia ilikuwa kuwasaidia. Lakini mtu anayenunua kahawa hajui kwamba anajibu dodoso kuhusu marafiki zake na saa anazotoka bwenini, na angelipa kwa noti, swali hilo lisingekuwapo kabisa.

Sasa tuje kwetu. Mwanafunzi wa Tanzania hahitaji kadi ya chuo ili aache kubeba noti, maana M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo mama lishe aliye nje ya geti ana Lipa Namba yake imebandikwa ubaoni. Tena fedha zilizo kwenye simu zina ulinzi: Kanuni za Fedha za Kielektroniki za mwaka 2015 zinataka fedha za wateja zikae kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni. Mwanafunzi akifukuzwa chuo, laini yake haizimwi. Kadi ya chuo ina ubora mmoja ambao simu haina, nao ni kwamba malipo madogomadogo yanaweza kufanyika bila makato, jambo ambalo kila aliyelipia chai na chapati kwa kumtumia muuzaji fedha kwa simu wakati wa tozo za serikali za mwaka 2021 analielewa. Lakini bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likianza kupitishwa kwenye kadi inayosomeka ndani ya geti tu, mama lishe aliyewalisha wanafunzi kwa mkopo miaka yote atakuwa amefungiwa nje, na mwanafunzi atakula kwa bei ya mzabuni mmoja.

Kwa hiyo, chuo kitakachoamua kuanzisha mfumo huu, ninakiomba kitenganishe kufuli hizo mbili tangu siku ya kwanza. Salio likae benki kwenye akaunti ya amana ambayo ofisi ya ada haiwezi kuigusa wala kuizuia. Anayehitimu au kuondoka arudishiwe fedha zake kwa simu bila kuandika barua. Kumbukumbu za manunuzi zifutwe baada ya muda unaotajwa. Kaunta ya chakula iendelee kupokea noti na simu, kama jiji la Philadelphia huko Marekani lilivyoyazuia maduka yake kukataa fedha taslimu kuanzia Julai 1, 2019. Marekani kwenyewe, baada ya sakata la Higher One, kanuni mpya zilizoanza kutumika Julai 2016 zilikataza chuo kumlazimisha mwanafunzi kufungua akaunti fulani ili alipwe mkopo wake, na zikavitaka vyuo viweke hadharani mikataba yao na kampuni hizo. Serikali za wanafunzi hazina sababu ya kungoja kanuni kama hiyo itungwe hapa. Zinaweza kudai kuusoma mkataba kabla haujasainiwa, zikianza na kipengele kinachoeleza nani anaruhusiwa kuzuia salio.