Mchwa Kabatini kwa Mama

Mchwa ndio walioanza kupunguza vitu kwenye kabati la mama, sisi tulimalizia tu. Ilikuwa 2019, kumi la mwisho la Ramadhani, nami nimetoka Dar kwenda Tanga kumsaidia usafi wa Idi: kupangusa feni, kufua mapazia, kusugua sufuria kubwa za wageni. Kabati halikuwamo kwenye hesabu. Kabati la mama halijawahi kuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Lakini usiku nilisikia mkwaruzo mdogo nyuma ya mbao, na asubuhi nilipolisogeza kidogo kutoka ukutani nikakuta njia za udongo zimepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu. Nikabonyeza plaiwudi ya mgongoni. Kidole kikazama.

Lenyewe ni kabati la mvule, la milango mitatu, wa kati una kioo kilichoota madoa meusi pembeni. Baba alilichongesha kwa fundi wa Ngamiani walipooana. Mvule mchwa hawauwezi, ndiyo maana fremu na milango vilikuwa vizima kabisa. Fundi alibania kwenye mgongo na sakafu, akaweka plaiwudi, na wadudu wakapita hapohapo. Siku hizi mtu akiniuliza habari za kununua kabati namwambia ageuze aangalie mgongo kwanza, mambo ya kioo baadaye.

Hapo ubishi uliisha. Kila kitu ilibidi kitoke.

Mimi nilikuwa na mpango wangu kichwani. Nilishatazama video nyingi za watu wanaomwaga nguo zote kitandani, wanafanya mafungu matatu, la kubaki, la kugawa na la kutupa, na kufumba na kufumbua kabati linang'aa, mashati machache yananing'inia kwa raha zake. Nikatandika mkeka, nikamweleza mama mafungu yangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, tasbihi mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hilo la tatu liondoe."

Tukaanza na mlango wa kulia kwa sababu ndio uliokuwa mbali zaidi na mchwa. Chini kabisa tulikuta rambo. Za bluu za sokoni, nyeusi za samaki zilizooshwa na kuanikwa, nyingine za maduka ya Dar ambayo yalishafungwa zamani, zote zimekunjwa pembetatu na kusokomezwa ndani ya rambo moja kubwa. Na wiki hiyohiyo redio ilikuwa haina habari nyingine: mifuko ya plastiki mwisho wake Mei 31, kuanzia Jumamosi ya Juni 1 ukikutwa nayo ni faini kuanzia shilingi 30,000.

"Kwani watakuja kunikuta nayo chumbani?" mama akauliza.

"Mama, ni marufuku."

"Na futari ya majirani nitaifungia nini?"

Tukakubaliana niipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, maana ndiko watu walikokuwa wanaikabidhi. Nikaenda nayo. Kama nilikwenda na yote, hilo sitalisema hapa.

Juu ya rambo ndiko kulikokuwa na mali yenyewe. Doti za kanga ambazo hazijakatwa, bado ngumu kwa wanga, vipande viwili havijatenganishwa. Vitambaa vya tetroni vya sare za harusi ambazo hakushona. Mashuka ndani ya nailoni zake. Chupa za chai ndani ya maboksi, zawadi za watu, hazijawahi kutiwa hata maji ya moto. Kati ya kila tabaka aliweka vidonge vya naftalini kuzuia nondo, na kwa kuwa naftalini huisha kwa kuyeyukia hewani bila kuacha maji, vile vya zamani vilikuwa vimebaki vidogo kama kunde, vingine ni harufu tu na alama ya mviringo kwenye kitambaa. Harufu hiyo ikichanganyika na udi ndiyo iliyokuwa harufu ya mama tangu nijitambue. Kwa akili yangu ya utotoni nilidhani wanawake wote wazima hunuka hivyo.

Nikamuuliza, "Hizi zote unamwekea nani? Wewe mwenyewe unavaa kanga zilezile tatu."

"Wewe umezaliwa ruksa," akanijibu. "Huwezi kujua."

Kweli nimezaliwa 1986, Mzee Mwinyi, yule aliyeitwa Mzee Ruksa kwa kufungulia biashara, ana miezi michache tu Ikulu na maduka yameshaanza kujaa. Mama aliolewa kabla ya hapo, miaka ile baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zimekauka na rafu za maduka zimebaki mbao tupu. Viwanda kama Urafiki kule Ubungo vilikuwepo, lakini kanga kuifikia Tanga ilikuwa bahati. Mtu akisikia duka la ushirika limepata mzigo anaacha chungu motoni anakwenda kupanga foleni, hajui hata kilicholetwa ni nini. Ukipata doti mbili unaificha moja, kwa sababu mtoto akizaliwa kesho, au mtu akifa, kanga utaitoa wapi? Mama alinieleza haya huku anazihamisha doti kutoka fungu langu la kugawa kurudi fungu la kubaki, moja baada ya nyingine, bila haraka, wala hakuniangalia usoni. Nikaacha kuzihesabu zilizorudi.

Mlango wa kati ulitupa kazi ya aina nyingine. Humo, karibu kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mama. Suti ya mjomba aliyekwenda Muscat akasema atairudia. Begi la mpangaji wa zamani. Nguo za watoto wachanga, zilizokuwa zinazunguka ukoo mzima: ukizaa unapelekewa, mtoto akikua zinarudi kwa mama zimefuliwa. Video zangu zile hazikuwa na fungu la vitu vya watu. Nikaongeza mkeka wa pili. Kanzu za baba hatukuzijadili, nilizitoa, nikazikung'uta, nikaziweka upande ambao mama hakuhitaji kuziangalia.

Baada ya alasiri shangazi akaja. Ni dada wa baba, anakaa Makorora, mitaa michache kutoka kwetu, na kwenye nyumba ile haingii kwa hodi. Akasimama mlangoni, akatazama mikeka miwili, kitanda kilichofunikwa, mama juu ya kigoda chake.

"Wifi, unahama au unafilisiwa?"

"Mchwa," mama akasema.

"Nilijua. Wewe kwa hiari yako usingefungua."

Akavua baibui, akakaa chini, akaanza kukunja. Shangazi anakunja kanga kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: anaishika kwa meno katikati ya pindo, anaipiga mkunjo mmoja hewani, tayari. Na kila anapokunja anasoma jina kwa sauti, kama mtu anayeita mahudhurio darasani. "Wema hauozi. Haya. Japo sipati tamaa sikati. Hii nzuri, mkatie mwanao. Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Mara akafika kwenye doti moja nyekundu na nyeusi, imechakaa kwenye mikunjo kwa kukaa tu, haijakatwa. Akaisoma polepole: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake."

Akainua macho. "Wifi, hii ulimnunulia nani?"

Mwanamke wa pwani hanunui kanga ya namna hiyo kwa ajili ya rangi. Mama alizungusha tasbihi, punje mbili tatu, kisha akasema bila kupepesa, "Wewe."

Nilidhani hapo patawaka. Mimi hata sikujua kama waliwahi kugombana. Shangazi ndiye aliyenilea mwezi wangu wa kwanza duniani, ndiye aliyenitia wanja, ndiye anayepigiwa simu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kumbe walikuwa na kesi yao. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa bidhaa usiku, baharini na visimani, wasikutwe nazo. Katika siku hizohizo, shangazi akiwa kwenye shughuli ya watu, alisema kwamba kaka yake ameoa mlanguzi, sukari na kanga ziko uvunguni na mawifi wanakunywa chai kavu. Alisema kwa mzaha. Lakini neno mlanguzi mwaka ule halikuwa na mzaha. Baba na mama walikesha usiku mzima wakisikiliza kila gari linalopita, na doti mbili za kanga mama akazivaa mwilini, moja juu ya nyingine, mpaka asubuhi, ili kama wataingia wakute ni nguo alizovaa.

"Mambo yalipofunguka, kanga ya kwanza niliyonunua kwa kuchagua mwenyewe ni hiyo," mama akasema. "Nikaiweka nije niivae mbele yako, kwenye harusi yoyote itakayotangulia."

"Mbona hukuivaa?"

Mama akanionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu alikuwa tumboni. Nikajifungua vibaya. Ukaja na furushi lako, ukanikanda, ukanipikia uji wa pilipili manga, hukutoka humu mpaka arobaini ikaisha. Nitaivaa kwa uso gani?"

Shangazi akakaa kimya kidogo. Akaikunja ile doti, akaiweka kwenye paja lake badala ya kuirudisha kwenye fungu.

"Basi ni yangu. Umeninunulia, nipe."

"Chukua. Imenilia nafasi miaka yote hiyo."

Wakacheka mpaka mama akashika mbavu, na mimi nikacheka, na swaumu yote ile koo kavu. Hakuna fungu lolote kati ya yale yangu matatu ambalo doti ile ingeingia.

Mlango wa kushoto tuliuacha mwisho kwa sababu ndiko mchwa walikokita. Plaiwudi ya chini ilikuwa imekuwa karatasi. Nilichojifunza siku ile ni kwamba mchwa wana chaguo lao: baibui za polista hawakuzigusa, tetroni hawakuigusa, lakini pamba waliila kwa njia zao za udongo zilizonyooka, wanatoboa shuka la juu wanatokea la chini mahali palepale. Chini kabisa kulikuwa na furushi jeupe lililofungwa kwa utepe wa kitambaa. Nilipolinyanyua kona moja ikamwagika udongo. Harufu ya karafuu maiti ikanipiga puani, nikajua ni nini kabla sijafungua.

Ilikuwa sanda yake. Bafta, vipande vyote vitano vimeshapimwa, na kichupa cha marashi katikati. Niliwahi kusikia kwamba anayo, wanawake wengi wa umri wake wanayo, hawataki kusumbua watu siku hiyo. Kusikia na kushika ni mambo mawili. Shangazi akasema "Laa ilaha illallah" kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshikilia lile furushi sijui niliweke fungu gani.

Mama akaomba alione. Akapitisha vidole kwenye matundu, akapuliza udongo.

"Wameshindwa kusubiri," akasema. "Wamenianza nikiwa hai."

Kisha, kwa sauti ileile anayonituma vitunguu, akanituma bafta nyingine.

Nikaenda Ngamiani kabla maduka hayajafungwa kwa magharibi. Mwenye duka, mzee wa kofia ya vito, alikuwa anapimia watu vitambaa vya Idi, duka limejaa wasichana na shifoni za kila rangi. Nilipotaja bafta na urefu, aliacha mkasi. "Pole sana mwanangu. Nani?" Wasichana wakageuka wote. Nikasema hakuna aliyekufa, mzee, ni mchwa. Akanitazama. Ikabidi nieleze kabati zima, mgongo wa plaiwudi na yote, na watu wamesimama wanasubiri na shifoni zao mikononi. Alipoelewa alinipimia, akazidisha karibu mkono mzima na akakataa kulipwa kile kipande cha nyongeza. "Mwambie mama yako mwaka huu haihitaji," akasema, "lakini asiweke chini. Aweke juu."

Fundi alikuja siku iliyofuata akabandua plaiwudi yote, akapiga mbao za mninga mgongoni, na miguu ya kabati akaipaka oili chafu iliyonuka hadi sebuleni. Ukutani tukapulizia dawa. Tukarudisha vitu. Nitakuwa mkweli, vilipungua kidogo sana: mashuka yaliyotobolewa yakawa matambara, chupa mbili za chai zikaenda kwa majirani, begi la mpangaji likapata mwenyewe kwa simu. Mjomba wa Muscat alipopigiwa alisema suti ile aliisahau, wampe yeyote. Mama akakata simu, akaitundika palepale, akasema anasema tu hivyo. Sanda mpya ikapanda rafu ya juu. Nilichopata mimi ni ndoano tatu za kutundikia baibui na nafasi ya kutosha kufunga mlango bila kuusukuma kwa goti.

Sikukuu ikaangukia Jumatano, Juni 5. Baada ya swala, wageni wamejaa barazani, biriani inapakuliwa, shangazi akaingia kajifunga ile doti nyekundu, imekatwa, imepindwa na kutiwa udi, jina limekaa sawasawa nyuma ambapo kila mtu anaweza kulisoma. Baraza likatulia kidogo. Wanawake walisoma, wakatazamana, wakaanza kupitisha hesabu nani kamkosea nani. Jirani mmoja hakuweza kuvumilia.

"Mama, sikukuu yote hii, unamsema nani?"

"Simsemi mtu," shangazi akajibu, huku anajipakulia. "Nimesemwa mimi. Salamu zilichelewa njiani tu."